UKUMBI WA BIBI MWALIMU: Mabuti Mafupi na Baibui



Wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mnaosomewa ukurasa huu mkitaka msitake, mwezi huu nilikusudia kuendelea na somo la methali tulilolianza. Nimeghairi, methali zitangoja. Sababu ni jozi moja ya viatu.

Mama mmoja, mwenzetu wa miaka mingi hapa Doha, alinisimamisha mlangoni Ijumaa iliyopita baada ya darasa la watoto. Binti yake wa miaka 16 alikuwa amedunduliza fedha zake za sikukuu, akanunua mabuti mafupi meusi, yale yanayopanda juu kidogo ya kifundo cha mguu, akayavaa na baibui lake kwenda kumtazama shangazi yake. Aliporudi, baba alimwangalia miguuni, akamwuliza kama ameandikishwa jeshini. Kesho yake mabuti yalikuwa yameingia katika pipa la taka la jengo, na gari la taka, kama mjuavyo, halimngoji mtu. Sasa ni wiki ya tatu, na mtoto hamjibu babake ila kwa "naam" na "la". Mama akaniuliza, "Mwalimu, hebu niambie wewe uliyesoma, mabuti yana dhambi gani?"

Nilimjibu kwamba mimi nimesomea Kiswahili na historia, wala si mtu wa kutoa fatwa. Hata hivyo nilimwomba ruhusa nilijibu swali lake hapa bila ya kutaja jina la mtu, naye akaridhia. Najua kwamba baba mhusika huusoma ukurasa huu kabla ya kumpa mkewe. Basi, ndugu yangu, nakusihi usiukunje kwanza.

Nianze na hilo la ugeni, kwa sababu nimelisikia vinywani mwa wengi: kwamba buti ni vazi la Kizungu, tena la kiume. Atakayefungua kitabu chochote cha fiqhi katika mlango wa udhu, hata vile vijitabu tulivyosomeshwa chuoni huku bakora ikiwa karibu, atakuta sehemu nzima juu ya khufu. Na khufu ni nini? Ni kiatu cha ngozi kinachousitiri unyayo pamoja na vifundo viwili vya mguu. Kwa maneno mengine, ni buti fupi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikivaa. Mughira bin Shu'ba, wakati wa safari ya Tabuk mwaka wa 9 Hijria, aliinama amvue, akazuiwa kwa kuwa miguu ilikuwa imeingia humo ikiwa na twahara, na Mtume akapangusa juu ya khufu zake kwa maji. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Mtu akiniambia leo kwamba kiatu kinachofunika kifundo ni uzushi ulioletwa na meli za Wazungu, mimi humwomba kwa adabu arudi chuoni.

Na Wazungu wenyewe, ukiwatazama vizuri, walilivaa buti hili kwa sababu isiyo mbali na yetu. Mwaka 1851 fundi mmoja wa London, Joseph Sparkes-Hall, aliyekuwa akimshonea viatu Malkia Victoria, alipewa hataza ya buti fupi lenye mpira wa kuvutika ubavuni, lisilo na haja ya kamba wala vifungo. Hilo ndilo mnaloliona madirishani mwa maduka ya hapa hadi leo. Katika zama zile mwanamke wa Kiingereza mwenye heshima zake alivaa gauni la kuburura, na kifundo cha mguu kuonekana ilikuwa aibu. Buti lilimsitiri apandapo ngazi au apandapo gari la farasi. Ama lile buti la ngozi ya swedi lenye soli laini, ambalo vijana huliita la jangwani, habari zake ni za kupendeza zaidi. Nathan Clark, ofisa wa Kiingereza aliyepelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili, aliwaona maofisa wenziwe wamevaa viatu vya namna hiyo walivyoshonewa katika masoko ya Cairo. Aliporudi kwao, kampuni ya ukoo wake ikaanza kuvitengeneza mwaka 1950. Kwa hiyo buti lile, lililorudi Arabuni likiwa na bei ya Ulaya, lilitoka katika soko la Waislamu.

Sisi wa pwani, ni kweli, hatukuwa na buti. Kwetu ni joto, na kwetu kiatu huvuliwa mlangoni mara ishirini kwa siku, ndiyo maana viatu vyetu vilikuwa vya wazi: makubadhi ya ngozi ya Lamu na Unguja, ndara, na mitalawanda ya mbao ambayo bibi zetu waliibana kwa vidole kwenye msuruaki wake wakavuka ua kwenda kisimani. Lakini hata kiatu hicho cha wazi kilikuwa na uzito wake. Katika Unguja ya zamani mtumwa hakuvaa viatu mbele ya waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa na watoto wao walitumia fedha zao za mwanzo kununua kofia, viatu, na baadaye mabaibui, ili watembee barabarani kama watu wengine. Ninalitaja hili kwa kuwa tumezoea kusema "ni viatu tu". Mtoto aliyedunduliza fedha zake za sikukuu hakununua viatu tu.

Sasa tuje kwenye mavazi, maana wasichana wameshanichoka.

La kwanza na la msingi ni baibui, au abaya kama wasemavyo wenyeji wetu. Chagueni buti linalopanda vidole vinne juu ya kifundo, wala si lile fupi mno linaloishia chini yake. Sababu yake ijaribuni wenyewe mbele ya kioo. Mkiwa mmesimama, pindo la baibui hufika karibu na sakafu, na kiatu chochote huonekana kimesitirika. Lakini mwanamke hasimami siku nzima. Anapanda ngazi za umeme za metro, anaingia ndani ya gari, anambeba mdogo wake, na kila afanyapo hivyo pindo hupanda kiasi cha shibiri. Akiwa amevaa viatu vya kawaida, kinachoonekana ni kifundo na kipande cha muundi. Akiwa amevaa buti fupi, kinachoonekana ni ngozi ya buti. Baba wa mtoto, hapa naomba utulie kidogo ufikiri: kiatu ulichokitupa kilikuwa kikisitiri zaidi ya kile ulichomruhusu.

Urefu wa pindo nao una hesabu yake. Wengi hupeleka kitambaa kwa fundi wakiwa na kandambili miguuni, kisha baibui hilohilo wakalivalia viatu vyenye kisigino, na pindo likapanda juu kwa kipimo cha kisigino. Mwendeeni fundi mkiwa mmevaa mabuti yenyewe, na pindo liachwe vidole viwili kutoka sakafuni. Likiachwa refu zaidi ya hapo litafagia vumbi la Doha lote, na kwenye ngazi za umeme ni hatari. Pindo likishikwa na meno ya ngazi hakuna wakati wa kulikwamua. Jizoezeni kisigino cha kimo kimoja kwa mabaibui yote ya kila siku. Sentimita 3 au 4 zatosha. Zaidi ya hapo ni mchuchumio, na mchuchumio ndani ya buti humchosha hata asiye na kilo zangu.

Shingo ya buti iwe nyembamba, inayokumbatia mguu. Buti lenye mdomo mpana huvimbisha baibui kwa chini kama kengele, tena kila hatua kitambaa huingia ndani ya mdomo ule. Epukeni yale yenye kulabu za chuma za kufungia kamba, kwani hariri nyembamba haidumu nazo hata wiki. Zipu ni nzuri, ila iwe upande wa ndani wa mguu na ifungwe hadi mwisho, ulimi wake ulale. Kuhusu rangi, nyeusi haikosei, lakini vumbi la hapa ni jeupe na nyeusi hulitangaza. Kahawia hulificha. Damu ya mzee chini ya baibui jeusi hupendeza sana, na simwambii mtu alikoisikia habari hiyo.

Kisha kuna sauti. Mwenyezi Mungu katika Sura ya 24, An-Nur, aya ya 31, amewakataza wanawake wasipige miguu yao chini ili yajulikane mapambo wanayoyaficha. Wakati ule ilikuwa habari ya mafurungu. Leo sakafu za maduka makubwa ya Doha ni marumaru tupu, na kisigino chenye ncha ya chuma husikika kutoka mlango huu hadi ule. Mpelekeeni fundi viatu, abandike kipande cha mpira chini ya kisigino. Ni kazi ya dakika chache, nayo huongeza umri wa kiatu na kuzuia kuteleza. Mabuti yenye vikuku, minyororo na njuga pembeni yaacheni dukani. Mtu ataniuliza, je, mitalawanda ya bibi zetu haikuwa ikilia? Ililia, tena sana, ko, ko, ko, mtaa mzima ukajua Bibi amekwenda kutawadha. Lakini ililia uani.

Wanaovaa sketi ndefu za jinzi au za sufi pamoja na blauzi ndefu, mabuti mafupi ndiyo mahali pake hasa, mradi sketi ishuke hadi iifunike shingo ya buti. Sketi inayoishia katikati ya muundi huacha pengo kati ya pindo na buti, na pengo hilo hata soksi nzito haziliponyi. Mguu huonekana kama umekatwa vipande viwili. Sketi hiyo apewe mdogo wako. Kwa suruali, mguu wa suruali ushuke juu ya buti. Kuuchomeka ndani ni mtindo wa wawindaji, na anayependa mtindo huo basi koti lake livuke magoti. Shalwari kamizi, ambayo wengi wetu tumejifunza kwa jirani zetu wa Pakistani, huenda vizuri na buti pale pindo la shalwari linapokuwa jembamba, likalala juu ya ngozi.

Dira, hapana. Dira ni vazi jepesi la kuburura, linataka kiatu cha wazi na mguu uliotiwa hina. Niliona dira na mabuti katika arusi moja na mpaka leo sijui niliangalia nini. Wa arusini achukue makubadhi yake katika mkoba, mabuti ayaache mlangoni. Na kwa kuwa mabinti hawapendi kuonywa peke yao, niwaambie kaka zao pia: kanzu na mabuti humfanya kijana afanane na mlinzi wa zamu ya usiku. Tazameni wenyeji, thobe kwa kubadhi la ngozi, basi.

Yote haya ni ya msimu. Mabuti hapa ni ya kuanzia mwisho wa Novemba hadi mwanzo wa Machi, ambapo usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na wale wanaokwenda kupiga hema Sealine au Zekreet hujua baridi ya jangwani ilivyo. Huko jangwani yakung'uteni mabuti asubuhi kabla ya kuyavaa, maana nge hupenda joto la ndani ya kiatu. Ikifika Mei, nyuzi 40 na zaidi, mguu ndani ya buti huiva. Yasafisheni, yajazeni karatasi za magazeti, yahifadhini ndani ya nyumba penye kiyoyozi. Msiyaweke roshani wala katika buti la gari. Soli nyingi za siku hizi ni za povu la plastiki ambalo joto na unyevu hulimeng'enya. Mtayatoa Novemba yakiwa yanang'aa, na hatua ya tatu soli itabaki sakafuni kama mkate mkavu. Yaliyowabana wapelekeeni ndugu walioko Lushoto au Mbeya, ambako mwezi wa Juni na Julai mabuti ni neema.

Sasa udhu, na hapa ndipo ninapotaka akina mama wanisikilize, kwani taabu ya kweli ya mabuti ninaiona hapa, si katika umbo lake. Nimewaona wasichana madukani wakati wa Magharibi. Viatu vina kamba mashimo manane, chumba cha kutawadhia kina msongamano, sakafu imelowa, hakuna pa kuketi. Binti anatazama saa, anajiambia atakwenda kuswali nyumbani, na akifika nyumbani Isha imeingia. Mabuti hayakumfundisha kuacha sala, lakini yamemtengenezea udhuru.

Dawa ya kwanza ni zipu. Buti ambalo haliwezi kuvuliwa kwa mkono mmoja ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, msilinunue.

Dawa ya pili ni ile ruhusa ya khufu niliyoitaja. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, aliyevaa khufu akiwa na udhu kamili, udhu huo ukitenguka, anaweza kutawadha na badala ya kuosha miguu akapangusa juu ya khufu kwa mkono uliolowa. Mkazi ana mchana mmoja na usiku wake, msafiri ana siku 3 na nyusiku zake, na hesabu huanza pale udhu wa kwanza unapotenguka baada ya kuvaa. Khufu iwe twahara, ifunike unyayo na vifundo pande zote, iwe imara kiasi cha kutembelea, na isipitishe maji. Mwenye janaba hana ruhusa hiyo. Ni lazima avue. Kwa hiyo buti la ngozi linalopita kifundo linaweza kuwa khufu, na lile linaloishia chini ya kifundo haliwezi. Lile lenye mpira ubavuni linahitaji kuulizwa kwa sheikh wenu, kwa sababu ya maji kupenya.

Ila kuna tatizo la mahali. Hakuna msikiti hapa Doha ambao utakanyaga zulia lake na mabuti, na ni sawa. Ukiyavua, ile ruhusa ya kupangusa imekwisha, na itakupasa uoshe miguu. Ndiyo maana mimi nawashauri mabinti wapate soksi za ngozi, zile nyembamba nyeusi ambazo mahujaji huzileta kutoka Makka na Madina. Zivaeni asubuhi mkiwa na udhu, na juu yake vaeni mabuti. Wakati wa sala vueni mabuti tu, pangusani juu ya soksi za ngozi, mwende zuliani nazo. Miguu imesitirika vilevile, na kwa mwanamke katika madhehebu yetu nyayo ni sehemu ya kusitiriwa ndani ya sala. Jambo zima halichukui dakika mbili. Wenyeji wetu, ambao wengi hufuata Imam Ahmad, hupangusa pia juu ya soksi nzito za kitambaa. Watoto wenu wataliona hilo shuleni na watawauliza. Waambieni ni ikhtilafu ya maimamu, msiwaambie wenzao wanakosea.

Kwa sababu ya soksi hizo, mabuti yanunuliwe saizi moja zaidi ya kawaida. Na yanunuliwe jioni, wakati mguu umeshavimba kwa kutembea, siyo asubuhi.

Nilikuwa nikomee hapo. Lakini yule mama aliponisimulia maneno ya mumewe pale mlangoni, "umeandikishwa jeshini?", sikuweza kumcheka wala kumlaumu, kwa kuwa maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Ilikuwa mwaka 1985, nami ni mwalimu mpya kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimepangiwa shule moja ya sekondari mjini Morogoro. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na viatu havikupatikana hata kwa mwenye fedha. Na kichekesho kichungu ni kwamba mji uleule ulikuwa na kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zake ziuzwe Ulaya. Kilijengwa kwa kuta za aluminiamu, bila ya njia za kutosha za hewa, kana kwamba Morogoro ni nchi ya theluji. Mashine ziliharibika, vipuri havikuwapo, na hakikuwahi kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake hadi kilipofungwa mwaka 1990. Tulikuwa tukipita mbele yake na viatu vyetu vilivyotiwa viraka.

Kanuni ya shule ilikuwa viatu vyeusi vya kufunga kamba. Jumatatu moja, nikiwa mwalimu wa zamu, msichana wa kidato cha nne alikuja mstarini amevaa mabuti. Yalikuwa ya kaka yake aliyetoka Jeshi la Kujenga Taifa. Alikuwa ameyakata kwa kisu usawa wa juu ya kifundo, akayashona pindo kwa uzi wa katani ili yasichanike, akayapiga dawa ya viatu mpaka yakang'aa. Leo ninapoyakumbuka naona kazi nzuri ya mikono. Siku ile niliona kanuni imevunjwa. Nilimtoa mbele ya mstari, nikamwuliza kama ameandikishwa jeshini, shule nzima ikacheka, nami nikafurahi kwamba nimechekesha. Kisha nikamwambia aende nyumbani, arudi na viatu.

Viatu gani, na vya kutoka wapi? Nilijua kama alivyojua yeye kuwa madukani hamna.

Hakurudi. Baada ya mwezi nilikwenda kwao pamoja na mwalimu mwenzangu. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatupa chai isiyo na sukari, akasema mtoto amepelekwa kwa mjomba wake Ifakara. Hakunilaumu kwa neno lolote. Wakati tunatoka nikayaona mabuti yale mlangoni yana tope jipya. Alikuwa akiyavaa bibi yao kwendea shamba. Mtihani wa taifa ulifanywa mwaka ule na jina la yule msichana lilisomwa katika orodha ya wasiokuwapo. Nimefundisha zaidi ya miaka 30 na wanafunzi wengi nimewasahau majina na sura. Yeye sikumsahau, na kila nionapo buti fupi hapa Doha, madirishani, kwenye metro, miguuni mwa watoto wenu, humkumbuka.

Baba wa mtoto, sikuandikii haya kukufedhehesha. Wewe una jambo moja ambalo mimi sikulipata: binti yako yupo chumba cha pili. Leo Alhamisi maduka yanafungwa usiku. Nenda naye, mwache achague mwenyewe, na wewe uangalie zipu, kisigino na kimo cha vidole vinne juu ya kifundo. Mama yake ameniambia saizi yake ni 38. Kwa ajili ya soksi za ngozi, chukueni 39.